Chupa Yenye Uzi Mwekundu

Fundo halikuwa lake.

Metui aliinua chupa ya soda akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Jana alifunga uzi mwekundu shingoni mwa chupa kwa mafundo mawili. Sasa lilikuwa moja. Kizibo cha gunzi kilikuwa palepale, na kilichokuwa ndani kilikuwa cheupe vilevile.

"Nareyu! Jana nilipokuwa kazini nani aliingia humu?"

"Tobiko alipita kuazima shoka," mkewe alijibu, akimmiminia chai. Ilikuwa ya rangi.

"Maziwa yako wapi?"

"Yameishia kwenye hotuba yako."

"Chupa moja imalize maziwa yote?"

"Ng'ombe wamekauka, Baba Lengai. Kunywa chai."

Metui hakumsikiliza tena. Tobiko! Tangu Metui apewe kazi ya kutunza josho la kuogeshea ng'ombe huko Loliondo, mtu yule alikuwa akimsalimia huku akitazama pembeni.

Na leo ilikuwa siku ya mnada. Wiki iliyopita mtoto mmoja wa kijiji cha Piyaya alikufa. Alikunywa dawa ya josho iliyowekwa kwenye chupa ya soda. Ukiitia maji inakuwa nyeupe kama maziwa. Mganga wa zahanati alimpa Metui dakika tano awaonye wazazi. Ndiyo maana alitayarisha chupa mbili. Yenye uzi, ya dawa, angeionyesha tu. Ya maziwa angeinywa mbele ya watu.

Lakini jana chupa ya maziwa ilikuwa bado tupu. Je, kama Tobiko aliifungua yenye uzi, akaitilia hii matone ya dawa?

Mnadani watu walijaa; Nareyu na mtoto wao walikaa mbele. Metui aliziweka chupa zote mbili juu ya kreti.

"Wazazi, tazameni. Moja ni chakula, moja ni kifo. Nani anaweza kuzitofautisha?"

Sauti ikatoka nyuma.

"Kunywa basi, Bwana Josho! Au unaogopa maziwa ya mkeo?"

Ni Tobiko. Watu wakacheka. Metui aliinua chupa isiyo na uzi, akaisogeza puani, akasita. Mbona ana haraka hivi ninywe? Akamkazia macho, asipepese hata mara moja.

Mwanamke mmoja akapiga yowe.

Metui aligeuka. Mwanawe Lengai, wa miaka mitatu, alikuwa amekaa chini kando ya kreti, gunzi mkononi, chupa yenye uzi mwekundu mdomoni. Weupe ulimchuruzika hadi kidevuni.

Metui alimrukia, akampindua, akamtia vidole kooni. Alilia kwa sauti mbele ya wazee na wala hakujali. Tobiko alikuwa ameshatimua mbio kumwita mganga.

Watu wote walikuwa wamesimama isipokuwa Nareyu.

"Mtoe mtoto vidole," alisema. "Hayo ni maziwa. Ile sumu uliyoiweka chini ya kitanda chake niliifukia jana."