Daktari Kidawa

Uvumi ulimganda Bi Kidawa: eti wanaopima majarida ya wasomi hunaswa kupitia kwa mama zao. Na binti yake, Tunu, ndiye aliyeteuliwa kusema jarida lipi la nchi lina maana na lipi ni karatasi tu.

Mhariri mmoja wa jarida, aliyewahi kuja kumuuliza Bi Kidawa jina lake kamili, akarudi na toleo jipya.

"Zawadi tu, mama. Umetuzalia kichwa!"

"Changu kiliishia darasa la saba, baba."

Alipoondoka, Bi Kidawa akalifungua, akasoma kwa kidole. Kati ya majina ya wanaokagua makala, akakuta: Daktari Kidawa Shomvi. Lake!

Alipoonyeshwa, Tunu akashika kiuno. "Mama, nikilipitisha, watasema nimekubeba. Nikilikataa, huyu mhariri atatangaza kwamba wewe ni mwenzao."

"Basi katangaze wewe kwanza kwamba mama yako aliishia darasa la saba. Hata leo. Wakinicheka, wanicheke."

Nanyi wenye watoto wapimaji, epukeni haya: mgeni anayemsifu mtoto kabla hajaketi, anayetaka majina yenu yote, zawadi isiyolika, na cheo msichokisomea, hata kikiwapendeza.