Ndani ya Stoo ya Mkaa

Filamu ilihusu maisha ya Sikudhani, mwimbaji aliyependwa na mji mzima, naye alialikwa kuitazama ikipigwa. Mafundi walikuwa wameijenga upya nyumba ya utoto wake, pamoja na stoo ya mkaa ambamo baba yake wa kambo alikuwa akimfungia.

Zaituni, mtoto aliyeigiza Sikudhani mdogo, alifika mlangoni akagoma kuingia.

"Ni kuigiza tu, mwanangu," mwongozaji alimbembeleza.

"Mle kuna giza."

Sikudhani aliinuka kitini. Kwa miaka mingi alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba yale yamekwisha. Akamshika mtoto mkono. "Twende wote. Nitajibanza pembeni, kamera isinione."

Waliingia. Mlango ulifungwa, komeo likasukumwa kwa nje. Harufu ya mkaa ikampanda Sikudhani kichwani, akaketi chini, akakumbatia magoti.

Zaituni alimsogelea. "Shangazi, usiogope," alinong'ona. "Mimi nipo."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo alipokuwa amefungiwa. Sikudhani akazika mdomo magotini, akalia.

Mlango ulipofunguliwa, Zaituni alimkimbilia mama yake. Kijana aliyeigiza baba wa kambo akainama mlangoni, bado amevaa shati la mzee yule, akanyoosha mkono.

"Pole, mama. Nishike nikuinue."

Alikuwa na sauti ya upole. Sikudhani aliutazama mkono ule, mikono yake ikiwa bado imekumbatia magoti.