Neno Moja kwa Kihispania

"Neno moja tu, dada!" Mpelelezi alipiga meza kwa kiganja. "Nipe Kihispania chake, askari waondoke!"

Mfasiri hakuinua kichwa. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, mstari mmoja kwenye simu: msichana amefichwa kwenye "station" ya zamani. Ng'ambo ya mpaka, askari wa huko, wasiojua Kiingereza hata cha kuombea maji, walikuwa wameshawasha magari.

"Kama ni ya treni, ni estación," alisema. "Ya mafuta, gasolinera. Ya polisi, comisaría. Mji ule una magofu ya zote tatu. Wakivamia pasipo penyewe, watekaji watashtuka, na huyo mtoto hamtamwona tena. Nipe muktadha."

Kwenye benchi, mama wa msichana alikuwa akisokota ncha ya mtandio wake. Siku ya tatu hiyo, hajatia kitu kinywani. Aliposikia hayo akafumba macho.

"Muktadha gani tena?"

"Nani kaandika? Mwalimu ana maana yake, mchuuzi ana yake."

Mpelelezi alisita. Msiri hatajwi ovyo ovyo. Lakini ubishi wa mfasiri huyu ulijulikana kituo kizima: miaka tisa hajakubali kutafsiri neno lililo peke yake, na miaka tisa hajakosea. Alitazama saa ya ukutani, akamtazama mama wa watu pale kwenye benchi, akakata shauri.

"Dereva wa watekaji," alinong'ona. "Amewageuka. Haya, umeridhika?"

Mfasiri alishusha pumzi.

"Dereva mawazo yake yako kwenye mafuta. Waambie gasolinera."

Amri ikapigwa kwa simu papo hapo. Mama yule akapiga magoti, akamshika mfasiri mikono yote miwili. Mfasiri akamwinua taratibu, akamfuta machozi kwa leso yake mwenyewe, kisha akaomba ruhusa atoke kidogo apate hewa.

Koridoni hapakuwa na mtu. Alibonyeza namba aliyoikariri.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini, "nimewapeleka kwenye kituo cha mafuta. Mna nusu saa ya kumtoa msichana hapo stesheni. Lakini anza na dereva wako."