Kidole Kikizama

Mguu wa Nyambuka, mkimbiaji wa timu, ulikuwa unanuka. Kucha mbili zilikuwa zimekufa, nyeusi tii, na katikati ya vidole ngozi ilikuwa imelowa na kumenyeka. Sijali akameza mate, akajipaka mafuta viganjani, akaanza kukanda. Huu ndio ulikuwa mtihani wake wa mwisho. Akifaulu, angekuwa mkandaji wa timu.

Alipofika kwenye shavu la mguu, kidole gumba kilizama kama kwenye embe lililooza. Nyambuka akaling'ata taulo.

"Mwalimu, msuli umechanika hapa," Sijali alisema. "Si ulitufundisha mwenyewe, kidole kikizama tusikande?"

Mwalimu Kivuyo hakuinama hata kutazama. Alikuwa akitafuna karanga. "Kanda mpaka mguu uingie ganzi. Kesho anakimbia."

"Kanda tu, dada," Nyambuka alisema, taulo likiwa bado mdomoni.

Sijali akaondoa mikono mguuni. Akaifunga chupa ya mafuta, akaitia mfukoni, akarudi nyuma.

Mwalimu akapangusa chumvi ya karanga kwenye suruali, akatemea mate viganjani, akaukamata mguu.