Pipa la Kona ya Juu

Tangu barabara kuu ilipopitishwa mlimani, Bi Mwanakheri alikuwa akijaza pipa kwenye kona ya juu, madereva wapate maji ya kupoza injini zilizochemka. Sasa barabara mpya imezunguka mlima, huku juu hapiti mtu. Asubuhi hiyo, kwa mazoea tu, alipanda na ndoo yake kichwani, akakuta lori limesimama kando ya pipa.

"Limechemka, mwanangu?"

"Wala halijachemka, mama," dereva alijibu, akamtua ndoo. "Umetuchotea miaka yote hii. Leo zamu yetu."

Akashusha madumu yake, akamimina. Pipa likajaa, likafurika, maji yakateremka juu ya lami kuukuu, kuelekea kule zilikosikika honi za malori mengine yakipanda.