Damu za Watoto wa Watu

Kijana alikuwa hajamaliza kusaini, Mama Barafu akaivuta karatasi.

"Nimekuomba saini, si barua ya mapenzi. Mwingine."

Kwa miaka tisa alikuwa mtunza sampuli wa utafiti wa VVU kwa vijana. Vichupa vya damu vilimfikia kutoka kliniki nne za mjini, vimebandikwa namba bila jina. Alivipanga kwenye friza zenye baridi ya kuchoma vidole, akavifungia. Kazi yake haikuwa na dosari, hata waliomchukia walikubali. Wenye damu hakuwahi kuwaona wala hakutamani kuwaona.

Wiki hiyo ilibidi awaone. Ridhaa walizosaini zamani zilikuwa za miaka mitano, na mitano ilikuwa imekwisha. Kila mmoja alitakiwa aje na kadi yake ya namba, aseme kama damu iendelee kutunzwa au iteketezwe.

"Watoto wa watu hawa," alimwambia msaidizi wa maabara, bila kupunguza sauti. "Starehe wafanye wao, kuwatunzia damu nifanye mimi."

"Wengine wamezaliwa nayo, mama."

"Na wengine wameitafuta kwa tochi."

Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa akanunue vitambaa vya harusi ya mwanawe, kisha akaghairi bila kumwambia mtu. Harusi yenyewe haikumkaa moyoni. Mchumba aliyeletwa nyumbani alikuwa mshona nguo, mpole, mkimya. Mkimya mno. "Msichana wa namna ile ana kitu anakificha," alimwonya mwanawe. Mwanawe alicheka tu, akasema atamzoea.

Saa nne asubuhi mlango ukafunguka kidogo. Kichwa kikachungulia, kikaona nani amekaa mezani, kikarudi nyuma haraka. Lakini Mama Barafu alikuwa ameshamtambua.

"Mkwe wangu," akaita. "Ingia. Mbona unakimbia?"

Mshona nguo akaingia, akaufunga mlango nyuma yake na kuuegemea.

"Shikamoo, mama. Tulidhani leo hupo kazini."

Mama Barafu hakuitikia. Alijisikia kama mtu aliyebishiwa mwaka mzima, na leo ushahidi umejileta wenyewe kwa miguu.

"Kumbe ule ukimya ndio huu. Umo kwenye friza yangu, na bado unataka kuingia kwenye ukoo wangu."

Msichana aligeuka kidogo, akautazama mlango.

"Kana basi. Sema umepotea njia, ulikuwa unatafuta vifungo."

"Siwezi kusema kitu, mama."

"Utasema nini? Mwanangu nimemlea peke yangu. Nimemfunza kujiheshimu, kuchagua watu. Halafu atokee msichana wa ovyo tu, aje anizikie mtoto."

Machozi yalimlenga mshona nguo. Alizidi kuukandamiza mlango kwa mgongo, kana kwamba maneno yale yangeweza kupenya yakatoka nje.

Msaidizi wa maabara aliweka chini vichupa alivyoshika. "Mama, ya humu ndani hayatoki. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha habari za wageni. Huyu anataka kulala nyumbani kwangu." Akatoa simu kwenye mfuko wa koti lake jeupe.

"Tafadhali, mama," mshona nguo akasema. "Nigombeze mimi, nitukane mimi, harusi vunja ukitaka. Lakini usimpigie sasa hivi."

"Unaogopa?"

"Naogopa, ndiyo."

"Vizuri. Atajua leo hii amebeba mzigo gani."

Akaweka simu sikioni, akimtazama msichana kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

Simu ya mwanawe ikaita pale pale nje, kwenye benchi la wanaosubiri kusaini. Ikaita mara tatu, kisha mlango ukasukumwa taratibu, mshona nguo akapisha, akaingia mwanawe mwenyewe, kadi ya namba mkononi, akaenda kusimama mbele ya mchumba wake.