Chupa Zilizovalishwa Soksi

Glasi ya kwanza Firmin Cabrol aliitema motoni. Moto ukalia chwaa, majivu yakamrukia viatuni.

"Jamu," akasema. "Nimeomba divai, dada, wewe umenipa jamu ya kupaka mkate."

Odile, dada yake, alisuuza glasi, akaikamata chupa ya pili. Chupa zote tano zilikuwa zimevalishwa soksi za sufu hadi shingoni, ili mwonjaji asijue anaonja ya shamba gani. Soksi ni za Firmin, za kuwindia nguruwe mwitu, na wazo pia lilikuwa lake. Alisema mwonjaji wa kweli hababaishwi na soksi.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, mchana, uani nyuma ya ghala lao la divai. Upepo wa Minervois, kusini mwa Ufaransa, ulikuwa bado unauma, na Firmin alikuwa amesogeza kiti hadi karibu kuungua, kwa ajili ya nyonga yake mbovu. Jirani yao, Sernin Ginestous, aliyeitwa awe shahidi, aligeuza mbavu za kondoo juu ya moto wa visiki vya mizabibu. Mbavu zikichomwa kwa kuni nyingine, watu wa huko huona wametukanwa. Na visiki havikuwa haba. Januari ya mwaka jana Firmin alikodi mashine, akang'oa shamba zima la babu yao, mizabibu ya miaka tisini, apande ya kisasa.

"Mizabibu hii moto wake mtamu," akasema Sernin.

"Angalau imefaa kitu," Firmin akajibu, akanyoosha viganja.

Makubaliano yalikuwa hivi. Mwaka juzi, Firmin akiwa hospitali na nyonga yake, Odile alivuna peke yake. Badala ya kupeleka zabibu zote kwenye chama cha ushirika, zikachanganywe na za kijiji kizima kama ilivyokuwa tangu enzi za baba, alibakiza pipa moja kutoka kila shamba. Leo kaka yake ataonja. Ikipatikana chupa moja tu inayostahili jina la Cabrol, funguo za ghala ni za Odile. Isipopatikana, arudi zake mjini Béziers, alikopika chakula cha shule miaka thelathini, wala asilitaje tena neno divai.

Hakuwa na kingine alichokitaka duniani. Kabla ya Krismasi ya mwaka huo, divai ikiwa bado changa, alimpelekea Firmin glasi moja kitandani. Firmin alimwagia paka ile divai bila hata kuinusa. Paka naye akaondoka.

Glasi ya pili ikaenda motoni.

"Maji ya kuoshea sufuria. Hiyo ni kazi uliyoizoea, sikulaumu."

Alionja kwa mbwembwe, huyu bwana. Aliinamisha glasi, akafumba jicho moja, akavuta hewa puani kama mwenye mafua, kisha akasukutua hadi mashavu yakavimba. Mwaka mmoja aliwahi kukaa kwenye jopo la mashindano ya wilaya, na kibeji cha jopo hilo alikuwa hakivui hata kanisani.

Ya tatu aliitema upesi zaidi.

"Mpira. Inanuka tairi la trekta. Sernin, hebu nusa. Si tairi hili?"

"Mimi ni shahidi tu," akasema Sernin, mdomo umejaa nyama.

Ya nne akasema ina harufu ya soksi.

"Soksi ni zako, kaka," akasema Odile.

Sernin alicheka, kisha akaona afadhali akohoe.

Odile akamimina ya tano. Tone likamwangukia kwenye aproni. Firmin aliinusa akiwa tayari ameshaandaa tusi, lilionekana hata mdomoni. Akaonja. Akasukutua. Akageukia moto kama kawaida.

Hakutema. Koromeo lilipanda, likashuka.

Sernin akasahau kugeuza nyama. Kisha Firmin akanyoosha glasi, akaongezewa, akainywa yote kama mtu mwenye kiu, bila kufumba jicho lolote.

"Umenunua wapi?"

"Ni yetu."

"Odile, usinichezee. Umeichukua kwa nani?"

"Nakuapia kwa kaburi la mama. Zabibu zake nilizivuna hapa hapa, mwaka juzi, kwa mikono hii."

Firmin aliitazama ile glasi tupu. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, na hata Sernin alimwonea huruma.

"Nina miaka sitini na minne. Maisha yangu yote nawaambia watu ardhi hii haitoi kitu." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za ghala, akaziweka mezani mbele ya dada yake. "Ni zako. Nilidhani Syrah yangu, ile mizabibu ya kigeni niliyoipanda miaka kumi iliyopita, ndiyo itakayotuokoa."

"Syrah yako ilikuwa ya tatu."

"Ya tatu?"

"Ya tairi."

Uso ukamwiva, lakini hakukasirika. Alikuwa amefurahi kupita kiasi, jambo ambalo kijiji hakikuwahi kuliona.

"Basi na ing'olewe yote. Msimu wa baridi tukate pingili za hii, tupande mteremko mzima, hii hii peke yake. Ni shamba gani, Odile? Niambie, niende sasa hivi nikalione."

Odile hakuzigusa zile funguo.

"Ni hilo hilo unaloota moto wake, kaka."